Mwongozo Kamili: Kufundisha Sayansi na Lugha kwa Vichezeo Vinne Rahisi

Malalamiko ni yale yale. Kichezeo kimenunuliwa ili mtoto ajifunze, mtoto amekichezea robo saa, mzazi ameeleza habari za nguvu na hewa, na kesho yake mtoto akiulizwa amejifunza nini anajibu, "Kilikuwa kizuri." Basi.

Kichezeo hakina kosa. Kosa liko kwenye mpangilio: mtu mzima anaeleza kabla mtoto hajatabiri, na mtoto anatazama bila kutamka lolote.

Dawa yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Jaribio lina kabla, wakati na baada, na kitenzi chetu kinabeba nyakati hizo kwa silabi moja tu. Mtoto anatabiri kwa -ta-, anaeleza anachokiona kwa -na-, anataja matokeo kwa -me-. Ukimwongoza apite njia hiyo, sayansi na sarufi zinakwenda pamoja bila somo la pili. Mwongozo huu unamfaa mzazi au mwalimu mwenye watoto wa miaka 5 hadi 10.

## Vifaa

Viandae vyote kabla hujamwita mtoto. Ukiinuka kutafuta mkasi katikati ya jaribio, umempoteza.

- Chupa ya plastiki laini ya lita 1.5 yenye kifuniko kinachobana vizuri
- Kifuniko cha kalamu, kikiwa cha kupenyesha mwanga ndiyo bora zaidi
- Plastisini, yaani ule udongo laini wa kuchezea
- Glasi ya maji
- Sumaku mbili kubwa kiasi, zisizoweza kumezwa
- Vitu vidogo mchanganyiko: msumari, klipu ya karatasi, kijiko, ufunguo, sarafu, kopo la soda, kifutio, kipande cha karatasi ya alumini
- Maputo matatu au manne, marefu yakipatikana
- Uzi laini wa nailoni, mita 4 au 5, na mrija mmoja
- Kadibodi, penseli fupi, mkasi, selotepu, rula
- Daftari la mtoto na kalamu

Vichezeo vya betri sivipendi kwa kazi hii. Kinachojiendesha chenyewe kinaficha chanzo cha mwendo, na chanzo ndicho tunachokitafuta.

## Tahadhari za kusoma kwanza

Sumaku. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinaweza kuvutana zikiwa katika sehemu tofauti za utumbo, zikaubana na kuutoboa. Ukishuku amemeza, mpeleke hospitali papo hapo. Usisubiri aumwe tumbo. Zile ndogo zenye nguvu nyingi, za ukubwa wa punje, zisiingie kabisa kwenye chumba cha watoto.

Maputo. Mtoto aliye chini ya miaka 8 anaweza kusongwa na puto ambalo halijapulizwa au kipande cha lililopasuka. Kupuliza ni kazi ya mtu mzima, na vipande viokotwe mara moja.

Betri za kitufe. Hata kama huzitumii hapa, kagua vichezeo vilivyomo ndani. Betri ya namna hiyo ikikwama kooni inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2.

## Hatua saba, kwa mfano wa mzamiaji wa chupani

Nitazipitia hatua zote kwa kichezeo kimoja: mzamiaji, yaani kifuniko cha kalamu kinachozama ndani ya chupa ya maji ukiibana na kupanda ukiiachia. Vingine vitatu, yaani sumaku, roketi ya puto na pia (kile kichezeo kinachozunguka kwa ncha yake), vinafuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo huko nitakuwa mfupi.

### Hatua ya 1: Tengeneza na ujaribu ukiwa peke yako

Chukua kifuniko cha kalamu. Vifuniko vingi vina tundu dogo kichwani. Lizibe kwa plastisini, la sivyo hewa itatoroka na mzamiaji hatarudi juu kamwe. Kisha bandika kijidonge cha plastisini kwenye kile kishikizo cha kifuniko, karibu na mdomo, bila kuuziba. Mdomo unabaki wazi kwa sababu hapo ndipo maji yatakapoingilia.

Mtumbukize kwenye glasi ya maji, mdomo ukitazama chini. Anatakiwa asimame wima huku ncha yake ikichungulia juu ya maji kwa milimita chache tu. Akielea juu sana, ongeza plastisini. Akizama, punguza. Usiharakishe hapa: karibu wote wanaoshindwa na mzamiaji wanashindwa kwenye glasi, si kwenye chupa.

Sasa jaza chupa maji mpaka yafurike, mtie mzamiaji, funga kifuniko kwa nguvu. Bana ubavu wa chupa.

*Umefanikiwa ikiwa* anashuka ukibana kwa nguvu ya kawaida ya mkono mmoja, na anapanda mara unapoachia.

Asiposhuka, angalia kama hewa imebaki juu ya maji. Hewa hiyo nayo hubanwa, ikakulia nguvu zako. Akishuka akagoma kupanda, ama ana plastisini nyingi mno, ama chupa ililazwa na povu la hewa likamtoka.

### Hatua ya 2: Chagua swali moja ambalo kichezeo kinaweza kulijibu

"Kwa nini mzamiaji anazama?" ni swali la mtu mzima kutolea hotuba. Kichezeo hakiwezi kulijibu. Kinachoweza kujibiwa kwa mikono ni hili: *Tukipunguza maji ya chupa kwa vidole vinne, mzamiaji atazama kwa urahisi ule ule?*

Swali zuri lina jibu la ndiyo au hapana, au la kiasi, na mtoto anaweza kulikosea bila aibu. Kama wewe na mtoto mna uhakika wa jibu tangu mwanzo, badilisha swali.

### Hatua ya 3: Tanguliza vitenzi

Wengi hukimbilia majina: "hii inaitwa sumaku, hii inaitwa pia." Jina mtoto atalipata kwa kulisikia. Kinachomshinda ni kusema nini kimefanyika na nani kakifanya, na hiyo ni kazi ya kitenzi.

Kwa mzamiaji chagua vinne au vitano: *bana, achia, elea, zama, panda*. Vifanyie vitendo kwa mwili kwanza. Mtoto azame chini ya meza, apande kitini, abane mto.

Kisha ongeza mnyambuliko mmoja tu: *zama* na *zamisha*. "Mzamiaji amezama" inasema kilichotokea. "Nimemzamisha mzamiaji" inasema nani kasababisha. Mtoto anayetofautisha sentensi hizi mbili ameanza kufikiri kuhusu chanzo na matokeo, hata kama hajui neno sayansi. Jozi nyingine za namna hii ni *zunguka* na *zungusha*, *pasuka* na *pasua*, *anguka* na *angusha*. Zitumie kadiri kichezeo kinavyoruhusu, lakini kwa siku moja jozi moja inatosha.

### Hatua ya 4: Atabiri kwa -ta-, na utabiri uandikwe

Mwonyeshe chupa iliyojaa ikifanya kazi. Kisha mwaga maji kidogo, uliza swali lako, unyamaze. Hesabu moyoni hadi kumi. Watu wazima hawawezi kuvumilia ukimya wa mtoto anayefikiri, wanamjibia, na somo linaishia hapo.

Sentensi unayoitafuta: "Mzamiaji *atazama*" au "*hatazama*." Akijibu kwa kichwa, mpe mwanzo: "Unaona mzamiaji ata…?"

Andika utabiri daftarini, au achore mshale wa chini au wa juu. Bila maandishi, mtoto atabadilisha utabiri wake baada ya kuona matokeo na ataamini kabisa kwamba ndivyo alivyosema. Wakiwa wawili, kila mmoja awe na wake.

Onyo: usitikise kichwa, usitabasamu. Watoto wanasoma uso wako kuliko wanavyosoma chupa.

### Hatua ya 5: Ajaribu mwenyewe, asimulie kwa -na-

Mkono uwe wake. Badilisha kitu kimoja tu. Kama umepunguza maji, usiguse plastisini. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimeleta tofauti, na mtoto mwerevu atakuuliza hivyo.

Anapobana, mwambie atangaze kama mtangazaji wa mpira: "*Ninabana… anashuka… anashuka… ninaachia… anapanda!*" Watoto wenye haya ya kuongea hujisahau hapa.

Kisha msogeze karibu. Kama kifuniko cha kalamu kinapenyesha mwanga, atazame ndani yake huku wewe ukibana polepole. Ataona maji yakipanda ndani ya kifuniko na lile povu la hewa likifinywa kuwa dogo. Ukiachia, povu linatanuka na maji yanasukumwa nje. Irudie mara kadhaa, msubiri akuambie anachokiona. Ukimwonyesha kwa kidole umemnyang'anya ugunduzi.

### Hatua ya 6: Matokeo kwa -me-, -ja- na -li-

Uliza: "Imekuwaje?" Jibu linakuja kwa -me-: "Mzamiaji *amezama*, lakini *nimebana* sana." Chupa yenye hewa juu inadai nguvu zaidi, na hilo ndilo jibu la swali letu.

Ukanushi ndio unaowasumbua watoto wengi, na jaribio linaufundisha bila jasho. Akiwa bado anabana na mzamiaji yuko juu, anasema "*hajazama*": huenda akazama. Wakishaacha kujaribu, anasema "*hakuzama*": habari imefungwa. Tofauti hiyo ikielezwa ubaoni huchukua kipindi kizima. Hapa inaonekana.

Mwisho, sentensi mbili daftarini kwa -li-: "Nilibana chupa. Mzamiaji alizama." Tarehe juu. Asiyejua kuandika achore, nawe uandike maneno yake kama alivyoyatamka, usiyapambe.

### Hatua ya 7: Sasa ndipo ueleze, kwa ufupi

Kwa mtoto wa miaka 6: hewa imebanwa, maji yameingia, mzamiaji amekuwa mzito.

Kwa wa miaka 9 au 10 ongeza kidogo. Maji hayabaniki kwa urahisi, hewa inabanika. Ukiminya chupa, mgandamizo unasambaa ndani ya maji na kulifinya povu la hewa. Maji yanachukua nafasi iliyoachwa. Mzamiaji pamoja na maji aliyoyabeba sasa ana uzito unaozidi uzito wa maji anayoyasukuma pembeni, kwa hiyo anazama. Kanuni hii ya kuelea ni ya Archimedes, na ndiyo inayoielezea nyambizi: inaingiza maji ili izame, inayatoa ili iibuke.

Funga kwa sentensi mbili za mtoto mwenyewe. Moja ya -ki-: "*Nikibana* chupa, mzamiaji atazama." Nyingine, kwa wakubwa, ya -nge-: "*Ningejaza* maji mpaka juu, *angezama* upesi." Ya pili ni ngumu. Mtoto anayeitoa mwenyewe anawaza jaribio ambalo halijafanyika.

*Umefanikiwa ikiwa* siku ya pili mtoto anaweza kumwonyesha mtu mwingine, na anamtaka atabiri kwanza.

## Sumaku: somo la ngeli

Panga vitu vyako mezani, na uvichague kwa ngeli zake kama unavyovichagua kwa asili zake. Hii ndiyo sababu orodha yangu ina msumari, kijiko, kopo, sarafu na ufunguo.

Mtoto avigawe mafungu mawili: vitakavyovutwa na visivyovutwa. Wengi huweka kila kinachong'aa kwenye fungu la kwanza. Waache. Kisha sumaku ipite, kitu kimoja kimoja, na kwa kila kimoja sentensi nzima:

"Msumari *umevutwa*. Kijiko *hakikuvutwa*. Kopo *halikuvutwa*. Klipu *imevutwa*."

Baada ya hapo rudieni kwa wingi: misumari *imevutwa*, vijiko *havikuvutwa*, makopo *hayakuvutwa*. Akikosea upatanisho, usimkatize. Rudia sentensi yake ikiwa sahihi, kama unayethibitisha, msonge mbele.

Sumaku ya kawaida inavuta chuma na nyingi ya aina za feleji (chuma kilichoimarishwa), pamoja na nikeli na kobalti. Haivuti alumini, shaba wala dhahabu. Jiandae kwa mambo mawili yatakayokuaibisha usipoyajua: baadhi ya vijiko vya chuma kisichoshika kutu havivutwi ingawa vina chuma ndani yake, na funguo nyingi zimetengenezwa kwa shaba nyeupe au shaba iliyochanganywa na zinki. Makopo ya soda kwa kawaida ni alumini, wakati mengi ya vyakula ni ya chuma. Vijaribu kabla.

Mwishoni mpe sumaku zote mbili, moja kila mkono, azisogeze karibu. *Zinavutana.* Ageuze moja. *Zinasukumana.* Muda huu usiujaze maneno. Mtoto anahisi kani ikimsukuma vidoleni pasipo kitu chochote katikati, na kiambishi -an- kimepata maana ambayo hakuna zoezi la kitabu litakaloitoa. Ndipo umweleze kwamba kila sumaku ina ncha mbili: zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana.

Weka sumaku mbali na kadi za benki.

## Roketi ya puto

1. Pitisha uzi ndani ya mrija, kisha ufunge ncha zote mbili kwenye viti viwili. Uzi uvutwe ukaze kabisa. Ukilegea, mrija unakwama katikati na kila mtu anadhani puto ni bovu.
2. Puliza puto, libane mdomo kwa vidole. Usilifunge.
3. Huku mtu mwingine akilishika, libandike chini ya mrija kwa vipande viwili vya selotepu. Kubandika kabla ya kupuliza hakufai: puto likitanuka selotepu inabanduka.
4. Mdomo uelekee nyuma, sambamba na uzi. Ukipinda, puto linajizungusha na nguvu inapotea.
5. Achia.

Swali: *puto la pumzi nne litafika mbali kuliko la pumzi mbili?* Pima kwa rula au kwa hatua za miguu. Pumzi ni zako, kwa hiyo jitahidi zilingane. Puto likifika mwisho wa uzi mara zote mbili, kipimo hakikuambii kitu. Rudia kwa pumzi moja na mbili.

Maelezo ni sentensi moja: puto linasukuma hewa nyuma, hewa inalisukuma puto mbele. Ni kanuni ya tatu ya mwendo ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, na roketi halisi inapaa kwa kanuni hiyo hiyo.

Kwa lugha, hapa ndipo pa kulinganisha: *mbali kuliko, karibu zaidi, sawa na, mara mbili ya*. Watoto wanaoshindana hawahitaji kubembelezwa waseme "langu limefika mbali kuliko lako."

## Pia

Kata duara la kadibodi la sentimita 8, toboa katikati hasa, pitisha penseli fupi ili ncha itokeze chini kwa sentimita 2 hivi. Ikiyumba, tundu haliko katikati. Ikianguka upesi, duara liko juu mno, lishushe.

Swali: bandika vidonge vinne vya plastisini vinavyolingana karibu na penseli, kisha uvihamishie ukingoni. *Lini itazunguka kwa muda mrefu zaidi?* Tumia saa ya simu, na rudia kila upande mara tatu, kwa kuwa mkono haurushi sawasawa. Uzito ukiwa ukingoni, pia yako inakuwa ngumu zaidi kuianzisha na ngumu zaidi kuisimamisha, kwa hiyo mara nyingi inadumu.

Kisha ijaribuni kwenye sakafu laini na kwenye kitambaa. Neno *msuguano* lije baada ya mtoto kulalamika kwamba kitambaa "kinaikamata."

## Panapokwama

Mtoto anataka kucheza tu. Mpe dakika kumi za kucheza ovyo kabla ya hatua ya 2. Anayekiona kichezeo kwa mara ya kwanza hana masikio.

Anatoa jibu la neno moja. Usimwambie "sema sentensi kamili." Jifanye hujaelewa: "Nini imevutwa? Sarafu?" Atakurekebisha kwa sentensi kamili, na kwa hamaki.

Mkubwa anamjibia mdogo. Wape kazi tofauti: mdogo anatabiri na kujaribu, mkubwa anapima na kuandika maneno ya mdogo bila kuyabadilisha. Darasani, vikundi vya wanne: mtabiri, mjaribu, mpimaji, mwandishi. Kazi zizunguke kila jaribio.

Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Vitenzi viwe viwili au vitatu, na nyakati ziwe -ta- na -me- pekee kwa majaribio ya mwanzo. Utabiri wa kwanza anaweza kuutoa kwa lugha ya nyumbani; matokeo ayaseme kwa Kiswahili, kwa kuwa yanaonekana mezani na hahitaji kuyakisia.

Ameuliza swali usilolijua. Liandikeni daftarini chini ya jaribio la leo. Kama kichezeo kinaweza kulijibu, hilo ndilo swali la hatua ya 2 mara ijayo, na halina haja ya kutafutwa kwingine.